Wageni Nyuma ya Mkaratusi

2 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi. Karatasi haina mlio wa kukuudhi.

Sisi wazima. Mwanao anatimiza miezi kumi na moja keshokutwa, na huwezi kuamini ndiye yule wa kilo moja na nusu tuliyekuwa tunamchungulia kupitia kioo cha wodi. Sasa anasimama kwa kushika meza yangu ya kusagia lenzi. Jana kajipaka unga wa kung'arishia mpaka masikioni, kawa mweupe pe. Mke wangu anasema ujinga huo kaurithi kwangu. Mimi nasema masikio yale ni ya kwao.

Nina ombi moja, usikunje uso. Nataka rangi. Mwaka mzima hatujaandikiana rangi hata za jozi moja ya nyota, na mama angekuwepo angetufokea sote wawili. Unakumbuka sheria yake: kila mwezi jozi zilezile, wewe uani kwako na mimi juu ya paa langu, kila mtu anaandika rangi anazoziona kabla hajasoma za mwenzake. Barua inatembea siku tisa, hakuna wa kuibia. Zangu nimezitia kwenye hii bahasha ndogo ya ndani. Usiifungue mpaka uandike zako. Nakujua.

Anza na mbili tu: Maharusi, na Mtu na Mkwewe. Zote ziko juu saa mbili usiku, huhitaji hata kukesha.

Najua Shemeji ndiye aliyekuwa akikuandikia, wewe jicho kwenye darubini na yeye na daftari na kile kitochi chekundu, akikosoa kila neno. Najua sasa hakuna wa kukushikia daftari. Andika hivyo hivyo kwa kombo, mimi nitasoma. Mwezi ujao anatimiza mwaka tangu atutoke. Presha ilituonea, Dada. Mtu alikuwa anapakua kreti za mikate kama anabeba mito.

Nami bado naona aibu kwamba sikuja kumzika. Ulisema nikae na mtoto, nikakaa. Halafu kila nikitaka kuja unasema bado. Haya, bado. Lakini rangi usininyime.

Mdogo wako,
Fundi Miwani

*

13 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika. Nafurahi mtoto anasimama.

Maharusi: mkubwa dhahabu, mdogo bluu ya samawati.
Mtu na Mkwewe: mtu ni njano, mkwe ni njano pia ila ana ukijani kwa mbali. Wamekaa kwa heshima, hawasogeleani.

Kazini ni yaleyale. Duka limeleta mashine mpya ya kuchanganya rangi. Unabonyeza namba, inadondosha, inatikisa kopo, basi. Zamani nilikuwa nachanganya kwa jicho na mwenye duka ananisifia mbele ya wateja. Sasa nabonyeza. Naona ni afadhali.

Msalimie mkeo.

Dada yako

*

13 Septemba, jioni

Mdogo wangu,

Hii siiposti. Naiandika nyuma ya kadi ya rangi, nikimaliza naichana.

Rangi nilizokutumia si zangu. Nimefungua daftari la mama, ukurasa wa Septemba, nikanakili. Hata ile "wamekaa kwa heshima" ni ya mama. Darubini iko uani chini ya turubai na sijaifunua tangu mwaka jana. Si kwamba nalia nikiiona. Siku hizi silii. Naipita nikienda kuanika nguo, kama mtu anavyopita pipa la maji.

Gari la mikate linapita kila asubuhi na dereva mwingine. Anapiga honi ileile, mara mbili. Majirani wananitazama waone nitafanya nini, na mimi sifanyi kitu. Nafunga mlango, naenda kazini. Nakula nimesimama. Nalala kwenye kochi kwa sababu liko karibu na mlango, sina sababu nyingine.

Shemeji yako hakufa kwa presha. Alianguka kwenye ngazi. Ulimwandikia wewe, mwaka jana, ukamwambia apande akate tawi la mkaratusi wa jirani yetu Mwalimu, lile linaloziba upande wa kusini, ili Oktoba tuione jozi ya Wageni. Akapanda. Ni hivyo tu, wala si hadithi ndefu.

Ulipopiga simu mkeo alikuwa wodini na mtoto ana siku tatu, hamjui kama atafika wiki. Ukaniuliza, "Imekuwaje?" Nikasema presha. Lilitoka lenyewe. Nikawaomba watu hapa wasikuambie, wakakubali, watu wema. Nikajiwekea kwamba mtoto akipona nitakuambia. Mtoto kapona. Sasa nikikuambia nitakuwa nimekufanya nini? Utamshika mtoto wako vipi ukijua? Na nisipokuambia, kila nikisikia sauti yako nakuchukia kidogo. Ndiyo maana sipokei simu.

Basi. Nachana.

*

24 Septemba

Dada,

Shikamoo mara mia! Nimeruka na barua yako dukani mpaka mteja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia nimeambiwa mkwe ana ukijani. Kaondoka haraka, miwani kaiacha.

Umefungua bahasha yangu ndogo? Utaona mimi nimeandika Maharusi machungwa na bluu iliyoiva. Tumepishana. Safi kabisa, ndiyo raha yake. Nyota ileile, mama mmoja, macho mawili tofauti. Ila nikupe siri: maneno yako yanafanana na ya mama mpaka nimeshtuka. "Kwa heshima." Umri unakukamata, Dada, unaanza kuongea kama yeye.

Mwezi huu nipe ukurasa mzima wa Oktoba. Zote unazoziona, usichague. Mimi hapa taa za barabarani zimeniharibia nusu ya mbingu, wewe ndiye mwenye anga. Na kaa na mtu siku ya kumbukumbu, usikae peke yako. Mwite hata Mwalimu, akupigie zile hesabu zake za kupima miti kwa vivuli.

Mtoto kapiga hatua mbili halafu kakaa chini kwa nguvu, akatutazama kama sisi ndio tuliomsukuma.

Mdogo wako,
Fundi Miwani

*

7 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Jana mwaka umetimia. Mwalimu alikuja, akakaa, akaondoka. Nilikwenda kazini mchana.

Ukurasa wa Oktoba:
Maharusi: kama mwezi uliopita.
Mtu na Mkwewe: hivyo hivyo.
Majirani Wawili: weupe wote, mmoja kama chaki na mwingine kama maziwa.
Mama na Kitinda Mimba: mama machungwa, mtoto bluu nzito karibu na zambarau.
Wageni: wa kwanza mwekundu wa tofali, wa pili bluu hafifu. Wako chini sana, wanatetemeka, dakika arobaini kisha wanapotea.

Kuna mama kaja dukani anataka rangi ya chumba cha binti yake anayeolewa. Kaniambia, "Nipe rangi ya furaha." Nikamuuliza namba. Kasema hana namba, anataka ya furaha tu. Mwenye duka akaja akamhudumia yeye.

Dada yako

*

18 Oktoba, Jumapili

Dada!

Wageni! Umewaona Wageni! Yaani nimepiga kelele mtoto kaamka. Mara ya mwisho kuwaona nilikuwa shule ya msingi, Mwalimu ndiyo kwanza anauchimbia shimo ule mche wake. Wekundu wa tofali! Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza ni mwekundu au machungwa.

Kwa hiyo Shemeji alilikata lile tawi! Na hakuniambia, jamani, yule mtu! Nilimsumbua kwa barua mwaka jana, nadhani hukuiona, nilimwandikia yeye mwenyewe. Nilimwambia, "Shemeji, mtu wa mikate, panda ukate tawi moja tu, Mwalimu hatakufunga, Wageni wanakuja Oktoba na wakikuta mlango umefungwa watarudi." Nikadhani kapuuza. Kumbe kanyamaza anakata. Ndivyo alivyokuwa. Alikata lini? Mwalimu alisemaje? Nieleze

Jumapili, jioni.

Nilikuwa nimeishia hapo nikaenda kumwogesha mtoto.

Dada, ile barua niliiposti tarehe ishirini na tano Septemba. Nakumbuka kwa sababu mke wangu alianza kuumwa siku ileile. Siku tisa. Ilimfikia tarehe nne. Tarehe sita amefariki.

Kwa hiyo alilikata tarehe nne, au tano, au sita.

Nimekuwa nikizunguka chumbani. Mke wangu ameniuliza nina nini, nimemwambia tumbo. Ulisema presha. Mimi sikuuliza zaidi, nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali na dripu mkononi. Sijawahi kuuliza zaidi. Mwaka mzima sijakuuliza presha ilimkuta akifanya nini.

Alikuwa amesimama wapi? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako

*

29 Oktoba

Mdogo wangu,

Juu ya ngazi.

Umesema nikujibu hilo tu, na ningeishia hapo. Lakini kuna makosa kwenye hesabu yako na sitaki uishi nayo. Tawi lipo. Hakulikata. Alianguka kabla. Wageni sijawaona. Sijaona jozi yoyote, darubini imefunikwa mwaka mzima. Rangi zote nilizokutumia ni za mama, nimenakili ukurasa kama ulivyo, na mama aliwaona Wageni kabla ya mti kuwepo. Sikufikiri. Nilikuwa nanakili kama ninavyobonyeza namba dukani. Bahasha zako ndogo ziko kwenye droo, sijafungua hata moja.

Ndiyo, alipanda kwa sababu ya barua yako. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Aliisoma mezani kwa sauti, ile ya mlango kufungwa, akacheka. Nilidanganya kwa sababu ya mtoto. Baadaye nikaendelea kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Nakulaumu. Afadhali niseme. Nimekulaumu kila siku, asubuhi nikipiga mswaki, dukani, nikianika nguo. Sina hasira ya kupiga kelele. Ni kitu kimekaa tu hapa kifuani, kizito, hakipandi wala hakishuki. Ukinitania kwenye barua nasoma najisemea, huyu anataniana na nani?

Sasa umejua. Sijisikii nafuu. Nilidhani nitajisikia.

Dada yako

*

26 Novemba

Shikamoo Dada,

Nimeandika barua nne nikazichana. Hii ni ya tano, nimejiambia itakavyotoka ndivyo itakavyokwenda.

Sisemi unisamehe. Naona nikisema hivyo nakutwika kazi nyingine, na wewe unazo za kutosha.

Nimemweleza mke wangu. Akasema, "Nenda kwa dada yako." Nimemwambia siwezi kwenda kwa mtu asiyetaka kuniona. Kazini nimeharibu lenzi sita wiki hii. Nasaga, mawazo yako kwenye ile barua niliyomwandikia Shemeji, najisikia nikiandika "tawi moja tu." Niliandika nikicheka, Dada. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilijiona mjanja.

Nakuuliza kitu kimoja. Nije au nisije? Ukisema nije, nitakuja na mtoto na mama yake, tutalala popote, hata jikoni. Ukisema nisije, sitakuja, na sitakuandikia tena mpaka wewe uanze. Hata usipoanza. Sitakulaumu.

Mdogo wako

*

6 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Kabla hujakata tiketi kuna kitu hukijui. Hakuna anayekijua, hata Mwalimu aliyefika mbio mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna.

Mtu mwenye akili anakata tawi mchana. Sisi tulingoja jua lizame, na wazo lilikuwa langu. Nilimwambia matawi yote ukiyatazama kutoka chini yanafanana, utakata matatu bure Mwalimu atununie. Tungoje Wageni watoke, nichungulie, nikuelekeze lipi linaziba, ukate hilo tu. Akasema familia hii haiwezi kuchanja hata kuni bila kuuliza nyota. Akapanda na msumeno wake. Alikuwa anapiga mluzi.

Nilikuwa nimeshika ngazi. Kisha nikaiachia nikaenda kwenye darubini, kwa sababu mtu hawezi kufanya yote mawili. Nikachungulia. Majani yote ni ukungu, na nyuma yake Wageni wanawaka na kuzimika, wanawaka na kuzimika. Nikaona kivuli cha mkono wake. Nikasema, "Kushoto." Akasogea. Nikasema, "Kushoto tena." Akasema, "Kushoto hakuna tawi, mama, kuna hewa." Nikasema, "Wewe nenda kushoto, mimi ndiye ninayeona."

Akanyoosha mkono kushoto.

Darubini ya mama inageuza kila kitu. Juu inakuwa chini, upande huu unakuwa ule. Wewe unajua, mimi najua, tulijua kabla hatujajua kusoma. Tawi lilikuwa upande wa pili, alikofunga kamba ya ngazi, upande salama. Nilisahau kugeuza. Miaka thelathini nachungulia humo, na siku hiyo moja nikasahau. Yeye macho yake yalikuwa yanamwambia hakuna kitu, akaniamini mimi.

Nilisikia ngazi kabla sijatoa jicho kwenye kioo.

Barua yako ilikuwa na tarehe na sahihi. Mtu angeweza kuishika, kuisoma, kusema ni hii. Neno langu halikuandikwa popote, lilisikiwa na mtu mmoja tu na huyo amekwenda nalo. Basi nikaishika barua yako. Nilikulaumu wewe kwa bidii mdogo wangu, mwaka mzima, nisije nikabaki na la kwangu. Na ili nisilisikie la kwangu ikabidi nisisikie chochote, honi, wala mama wa watu anayetaka rangi ya furaha, wala mtoto wako kupiga hatua.

Nilipoisoma barua yako jana, pale unaposema uliandika ukicheka, nilikuwa dukani. Nilikwenda stoo nikakaa juu ya makopo. Nililia mpaka mwenye duka akafunga mlango wa mbele na kuwaambia wateja tunahesabu mali. Nimelia mpaka leo, kichwa kinauma, macho yamevimba kama nimeumwa na nyuki. Sikufurahi kulia. Inauma vibaya sana, nilikuwa nimesahau.

Sasa nimeandika, na wewe ndiye wa kwanza kusoma. Aliyekuwa shemeji yako, uliyempenda kama kaka, nilimwambia nenda kushoto. Ukitaka kunichukia una haki. Uliniuliza uje au usije, na mimi sina tena ruhusa ya kujibu hilo. Jibu ni lako.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa basi la kutoka kwenu linaingia saa kumi alasiri. Nitakuwa stendi. Nimemwomba mwenye duka ruhusa, kanipa. Msipokuwemo nitarudi nyumbani, na sitakuuliza kwa nini.

Naogopa. Mwaka mzima sikuogopa kitu, na sasa hata kuifunga hii bahasha naogopa.

Dada yako